Nusu Pishi ni Vibaba Viwili: Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Akisami Zilizo Sawa Nyumbani

Mzazi au mlezi, leo jioni muulize mtoto wako swali hili: ni ipi kubwa, 1/4 ya mkate au 1/8 ya mkate? Watoto wengi watajibu kuwa ni 1/8, na sababu yao wanayo tayari: nane ni kubwa kuliko nne. Sasa mwulize tena kwa njia nyingine: mkate huu tukigawana watu wanne, au tukigawana watu wanane, ni lini utapata kipande kikubwa? Mtoto yule yule atajibu sawasawa bila kufikiri sana.

Maana yake ni kwamba mtoto anajua kugawana. Kinachomshinda ni jinsi kugawana huko kunavyoandikwa daftarini. Nyumbani ndipo tunapoweza kumsaidia kuunganisha haya mawili, maana nyumbani ndiko kwenye mkate, unga, kamba na ndugu wa kugawana nao.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kufundisha akisami zilizo sawa, yaani sehemu zinazoandikwa kwa nambari tofauti lakini zina kiasi kile kile, kama 1/2 na 2/4. Huhitaji kuwa umesoma sana. Unahitaji karatasi chache, kisu, chapati moja na dakika kumi au kumi na tano.

KWA NINI JAMBO HILI LINAIHUSU KAUNTI

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, serikali za kaunti zinasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Akisami zinapita katika ngazi zote tatu. Mtoto wa chekechea huanza kwa kugawana sawa. Wa shule ya msingi huanza kuandika na kukokotoa. Kijana anayeingia chuo cha ufundi hukutana na bomba la nusu inchi, bomba la robo tatu, na spana zilizoandikwa 7/16 na 9/16. Aliyekosa kuelewa akisami akiwa mdogo huzikuta tena kwenye mabomba, kwenye mbao na kwenye kitambaa cha mteja, na hapo kosa lina gharama.

TUANZE NA PISHI

Hapa Pwani wazee wetu walipima nafaka kwa pishi, kisaga na kibaba. Kipimo hicho kilipangwa hivi:

Pishi 1 ni visaga 2.
Kisaga 1 ni vibaba 2.
Kwa hiyo pishi 1 ni vibaba 4.

Ukiwa na nusu pishi ya mchele, una kisaga kimoja. Vile vile una vibaba viwili. Kibaba ni robo ya pishi, kwa hiyo vibaba viwili ni robo mbili. Mchele haukuongezeka wala kupungua. Ulichobadilisha ni chombo cha kupimia. Kwa nambari tunaandika:

1/2 = 2/4

Kama kuna bibi au babu nyumbani anayekumbuka vipimo hivi, mwombe amweleze mtoto. Kama hakuna, chukua kikombe kimoja kiwe ndicho kibaba, na sufuria au kopo linalojaa kwa vikombe vinne liwe ndilo pishi. Mpe mtoto maji au mchanga apime mwenyewe mpaka atosheke.

MAJINA AMBAYO MTOTO ANAPASWA KUYAJUA

Akisami ina nambari mbili. Nambari ya chini inatuambia kitu kizima kimegawanywa vipande vingapi vilivyo sawa. Nambari ya juu inatuambia tumechukua vipande vingapi kati ya hivyo. Kwa mfano, 3/4, inayosomwa “tatu juu ya nne” au “robo tatu”, maana yake ni kwamba kitu kimekatwa vipande vinne, nasi tumechukua vitatu.

Kiswahili kina majina ya akisami, na mwanafunzi atayahitaji pia katika somo la Kiswahili:

1/2 nusu
1/3 thuluthi
1/4 robo
1/5 humusi
1/6 sudusi
1/7 subui
1/8 thumuni
1/9 tusui
1/10 ushuri

Shuleni mtoto atafundishwa hisabati kwa Kiingereza. Jambo hilo lisikuzuie. Akielewa nusu ni nini kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, atakuwa amebakisha kujifunza jina jipya tu, na jina si kazi ngumu.

HATUA YA KWANZA: KUGAWA SAWA

Hatua hii inawafaa hata watoto wa chekechea. Mpe mtoto chapati, ndizi au kipande cha muhogo, umwambie agawe kwa watu wawili, kisha kwa watu wanne. Mwekee sharti moja: anayegawa ndiye anayechagua mwisho. Utaona jinsi atakavyopima kwa makini.

Lengo ni moja tu, vipande viwe sawa. Chapati iliyokatwa vipande vinne, kimoja kikubwa na vitatu vidogo, haikutoa robo. Imetoa vipande vinne tu. Mtoto asiyeshika jambo hili atapata taabu katika hatua zote zinazofuata, kwa hiyo usimharakishe.

HATUA YA PILI: KUKUNJA KARATASI

Kata vipande vinne vya karatasi, virefu na vyembamba, vyote vya urefu mmoja.

Kipande cha kwanza kiache kama kilivyo. Hicho ndicho kitu kizima.

Cha pili kikunje mara moja katikati, ukifungue. Kina sehemu 2. Mtoto apake rangi sehemu moja: 1/2.

Cha tatu kikunje mara mbili, ukifungue. Kina sehemu 4. Mtoto apake rangi sehemu mbili: 2/4.

Cha nne kikunje mara tatu, ukifungue. Kina sehemu 8. Mtoto apake rangi sehemu nne: 4/8.

Mwambie apake kuanzia mwisho wa kushoto, sehemu zikifuatana. Kisha vipange juu ya meza, kimoja chini ya kingine, na umwulize: “Rangi imefika wapi katika kila karatasi?” Ataona kuwa imeishia mahali pale pale. Mwache aseme kwa maneno yake mwenyewe. Akikwama, msaidie kwa sentensi hii, ambayo ndiyo kiini cha somo zima:

Vipande vimeongezeka, kila kipande kimekuwa kidogo, lakini kiasi ni kile kile.

Karatasi hizo zitunzeni ndani ya daftari. Siku mtoto atakapochanganyikiwa, atazirudia.

HATUA YA TATU: KANUNI, NA SABABU YAKE

Shuleni mtoto ataambiwa: ukizidisha nambari ya juu na ya chini kwa nambari ile ile, unapata akisami iliyo sawa na ile ya kwanza. Kanuni hii ni sahihi. Shida ni kwamba wengi huikariri bila kujua sababu, na kitu kilichokaririwa bila sababu husahaulika mtihani ukiisha.

Ioneshe sababu kwa chapati. Ikate vipande vinne vilivyo sawa, umpe mtoto vitatu. Ana 3/4. Kabla hajala, kata kila kipande mara mbili, vyake na kile kilichobaki. Sasa hesabuni. Chapati nzima ina vipande 8. Mtoto ana vipande 6. Mwulize: “Je, nimekuongezea chakula?” Atakwambia hapana. Basi andikeni:

3/4 = 6/8

Kila kipande kilipokatwa mara mbili, idadi ya vipande vyote ilizidishwa kwa 2, na idadi ya vipande vyake pia ilizidishwa kwa 2. Ndiyo maana nambari zote mbili huzidishwa pamoja. Ungekata kila kipande mara tatu, ungepata 9/12, na chapati ingebaki ile ile.

HATUA YA NNE: KURUDI NYUMA

Ukiweza kukata vipande, unaweza pia kuviunganisha. Vipande 6 kati ya 8 ukiviweka viwili viwili, unapata mafungu 3 kati ya 4. Kwa nambari, tunagawanya juu na chini kwa 2, na 6/8 inarudi kuwa 3/4. Huku ndiko kuirahisisha akisami.

Mfano mwingine ni 12/16. Gawanya kwa 4 juu na chini, unapata 3/4. Mtoto akigawanya kwa 2 kwanza akapata 6/8, kisha akagawanya tena kwa 2, hakukosea. Amepita njia ndefu kidogo tu, na amefika.

MAKOSA MANNE YA KUANGALIA

Kosa la kwanza ni kujumlisha badala ya kuzidisha. Mtoto akiambiwa atafute akisami iliyo sawa na 1/2, huenda akaongeza 1 juu na 1 chini, akapata 2/3. Usimkemee. Mpe karatasi mbili zenye urefu mmoja, moja akunje mara moja katikati kupata nusu, nyingine akunje sehemu tatu zilizo sawa. Alinganishe 1/2 na 2/3. Ataona mwenyewe kuwa 2/3 imepita nusu.

Kosa la pili ni kudhani kuwa nambari kubwa chini ndiyo akisami kubwa. Dawa yake ni lile swali la mwanzo: tukigawana watu wangapi, kipande kinakuwa kidogo?

Kosa la tatu ni kusahau kuuliza “ya nini?” Robo ya pakiti ya unga ya kilo 2 ni gramu 500. Lakini gramu 500 hizo hizo ni nusu ya kilo. Robo na nusu hazikuwa sawa; vitu vilivyogawanywa ndivyo vilivyotofautiana. Tunapolinganisha akisami, kitu kizima kiwe kimoja.

Kosa la nne hutokea mtoto anapoanza kujumlisha. Anaona 1/2 + 1/4, anajumlisha juu na juu, chini na chini, anapata 2/6. Mrudishe kwenye pishi. Kisaga kimoja na kibaba kimoja ni vibaba vingapi? Vitatu. Kibaba ni robo, kwa hiyo jibu ni robo tatu, 3/4. Kisha mwoneshe kuwa 2/6 ni sawa na 1/3, ambayo ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Inawezekanaje mtu aongezewe mchele, abaki na mchache kuliko wa mwanzo? Mtoto akizoea kujiuliza swali kama hilo, ataanza kuyakagua majibu yake mwenyewe.

AKISAMI ZILIZO SAWA ZINATUMIKA WAPI

Alama za mtihani. Mtoto alipata 15 kati ya 20 katika jaribio la kwanza, na 18 kati ya 25 katika la pili. Wazazi wengi wataona 18 ni zaidi ya 15 na kusema amepanda. Tuzifanye zote ziwe kati ya 100. Tukizidisha 15/20 kwa 5 juu na chini, tunapata 75/100. Tukizidisha 18/25 kwa 4 juu na chini, tunapata 72/100. Ameshuka kidogo. Kabla ya kumsifu au kumgombeza mtoto, pigeni hesabu hii pamoja.

Karakana. Fundi anajaribu spana ya 1/2 inchi, inalegea kwenye nati. Je, achukue ya 7/16 au ya 9/16? Nusu ni sawa na 8/16. Iliyo ndogo kuliko 8/16 ni 7/16, basi hiyo ndiyo ya kujaribu. Hesabu ni hiyo hiyo kwa mshonaji anayesoma inchi kwenye futi kamba yake, na kwa seremala anayepima unene wa mbao.

Mirathi. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo hutumika katika Mahakama za Kadhi kwa Waislamu wanaokubali kwenda huko, mafungu hutajwa kwa akisami. Marehemu akiacha watoto, mke wake hupata thumuni, na mama yake hupata sudusi. Tuseme mtu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, na mali ni minazi 24 isiyo na deni wala wasia. Thumuni na sudusi haziwezi kujumlishwa zikiwa hivyo, kwa sababu vipande vyake havilingani. Tunatafuta nambari ya chini inayogawika kwa 8 na kwa 6 pia, nayo ni 24:

1/8 = 3/24
1/6 = 4/24

Mke anapata minazi 3, mama minazi 4, na mtoto anapata iliyobaki, minazi 17. Jumlisha 3, 4 na 17, unapata 24. Hakuna mnazi uliopotea. Mjane anayejua kuwa 1/8 na 3/24 ni kitu kimoja anaweza kukaa kwenye kikao cha familia akafuatilia hesabu mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kutegemea atakachoambiwa na wengine. Binti anayejifunza akisami leo ndiye atakayekaa kwenye kikao kama hicho kesho.

VIDOKEZO KWA MZAZI

Fundisha kidogo kidogo. Dakika kumi kila jioni zinafaa kuliko saa mbili za Jumapili.

Anza na kitu cha kushika, kisha mchoro, nambari zije mwisho. Mtoto akikwama kwenye nambari, rudini kwenye kitu.

Mwache akueleze yeye. Anayeweza kumweleza mdogo wake kwa nini 2/4 ni nusu, huyo ameelewa.

Akikosea, mwulize amefikaje kwenye jibu hilo kabla ya kumwambia kuwa si sahihi. Mara nyingi utakuta ana sababu, na sababu hiyo ndiyo inayohitaji kurekebishwa.

Usiseme mbele yake kuwa hata wewe hisabati ilikushinda. Sema, “Njoo tujaribu pamoja.”

Mkiona jambo limewashinda, nenda umwone mwalimu wake. Mchukulie daftari umwoneshe ni hatua gani inayomkwamisha mtoto. Itamrahisishia mwalimu kazi.

ZOEZI LA NYUMBANI

Mtoto ajaribu mwenyewe kwanza. Majibu yako chini.

1. Kaka amekula 2/8 ya chapati. Dada amekula 1/4 ya chapati iliyo sawa na hiyo. Nani amekula zaidi?

2. Jaza pengo: 2/3 = __/12

3. Rahisisha 10/15.

4. Visaga viwili na kibaba kimoja ni vibaba vingapi? Je, vinazidi pishi moja?

5. Fundi ana misumari miwili. Mmoja una unene wa 5/8 inchi, mwingine 9/16 inchi. Upi mnene zaidi?

6. Mama ametumia 3/4 ya pakiti ya unga ya kilo 2. Zimebaki gramu ngapi?

MAJIBU

1. Wamekula sawa, kwa sababu 2/8 = 1/4.

2. 8. Nambari zote mbili zimezidishwa kwa 4.

3. 2/3. Tumegawanya juu na chini kwa 5.

4. Vibaba 5. Ndiyo, vinazidi pishi kwa kibaba kimoja, yaani ni pishi moja na robo.

5. Wa 5/8, kwa sababu 5/8 = 10/16, nayo ni kubwa kuliko 9/16.

6. Gramu 500. Imebaki robo ya pakiti.

Mtoto akipata manne au zaidi, mpongeze, kisha mwambie atunge maswali mawili akuulize wewe. Akipata chini ya hapo, rudini kwenye karatasi za kukunja kesho jioni. Hakuna haraka. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne vikishajaa, pishi imetimia.